Simu ilitujia bila jando

Wasee, hapa Amalemba karibu kila mzazi ana sentensi moja tu. Ukikosa hamu ya kula, ni hiyo simu. Kichwa kikiuma, ni hiyo simu. Ukipata D ya hesabu, ukinyamaza mezani, ukimjibu mathe kwa ukali, hata ukishikwa na malaria, bado ni hiyo simu. Na sisi pia tuna sentensi yetu: "Nyinyi hamuelewi." Mlango unafungwa, maongezi yanaishia hapo. Mzazi naye akishamaliza kugomba anarudi kwa grupu yake ya WhatsApp na kuforwadi vitu hadi saa sita usiku.

Mimi naona pande zote mbili zinaongea kuhusu simu kana kwamba ni kitu kimoja ambacho kimekuwa hivi tangu zamani. Sivyo. Simu iliyokuwa Kakamega miaka ya 1990 na hii iko mfukoni mwako sahi zinafanana jina tu. Ukitaka kujua kwa nini kijana wa miaka 15 bado yuko macho saa nane usiku, moyo mzito, kidole kikiteleza, lazima uulize ni nini kilibadilika, lini, na ni nani aliyekibadilisha. Hiyo ni kazi ya historia. Niliacha chuo, kwa hivyo hakuna mtu atanipa alama kwa hii insha. Lakini ukweli hauhitaji shahada, kaa chini tuongee.

Nitatumia kitu ambacho sisi watu wa Magharibi tunakijua: jando. Wabukusu hutahiri vijana wao Agosti ya miaka shufwa, na jamii zingine za Waluhya zina misimu yao. Mila zinatofautiana lakini mpango ni ule ule. Kuna msimu unaojulikana. Kuna wazee wanaoijua njia kwa sababu waliipita. Kuna kukaa kando na kufunzwa, kisha kuna siku ya kutoka. Na kila rika linapewa jina lake. Jando lenyewe ni la wavulana, lakini wazo lake ni la kila mtu: hakuna mtoto anayekabidhiwa mambo ya watu wazima halafu anaambiwa "utajijua".

Simu ilitujia bila hiyo yote. Hakukuwa na msimu, na hakukuwa na mzee aliyekuwa ameipita njia. Nikipanga historia yetu kwa marika ya simu, naona manne. Na kila rika lilipata kitu kizuri sana, na papo hapo likapoteza breki moja.

Rika la kibanda

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikabaki na shirika lake la posta na simu, KPTC. Barua ni wao, simu ni wao. Kama hukuwa na laini nyumbani, na wengi hawakuwa nayo, ulienda kwa kibanda. Unaingiza sarafu, unaongea, sarafu inaanguka, unaongeza nyingine, na nyuma yako kuna foleni ya watu wanaokukoholea ndio umalize. Simu za mkononi zilikuja miaka ya 1990 lakini zilikuwa za wakubwa, kifaa kimoja kiligharimu kama robo milioni ya shilingi. Mwisho wa muongo huo nchi nzima haikuwa imefikisha wateja 20,000 wa simu za mkononi.

Hisia za kijana wa wakati huo zilisafiri polepole. Ukiwa bweni uliandika barua, ukainyunyizia poda, ukangoja. Ukimkumbuka mtu ulituma salamu KBC na kuomba zisomwe. Ukigombana na rafiki Ijumaa, ulikuwa na wikendi nzima ya kupoa, na Jumatatu mlikutana mmesahau nusu ya ugomvi.

Sitaki kuipaka rangi hiyo enzi. Habari za msiba zilifika kama mtu ameshazikwa. Mtu akiumizwa nyumbani hakuwa na pa kuitia msaada. Mapenzi yalikufa kwa sababu barua ilipotea. Wazazi wetu wakisema maisha yalikuwa matamu, wanakumbuka ujana wao, si kibanda. Lakini kibanda kilikuwa na breki ambayo hakuna mtu aliipanga: kilikuwa mbali, kilikuwa na foleni, na pesa iliisha. Hungeweza kuumia kwa simu saa nane usiku, juu simu ilikuwa barabarani na wewe uko kitandani.

Rika la kabambe

Mwaka 1999 KPTC iligawanywa: Telkom Kenya, Posta, na tume ya mawasiliano, CCK. Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikanunua asilimia 40 ya Safaricom, ambayo ilikuwa imeanza kama idara ndani ya KPTC, na mshindani wake Kencell akaingia sokoni mwaka huo huo. Safaricom ikachagua kulipisha kwa sekunde badala ya dakika. Inaonekana jambo dogo, lakini ndilo lililomwingiza mama mboga kwa mtandao. Mtu mwenye shilingi chache sasa angeweza kupiga simu ya sekunde kumi, aseme "nimefika", akate.

Nokia 3310 ilitoka mwaka 2000, na 1100 ikafuata mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani. Sisi Wakenya tukaibatiza mulika mwizi. Kabambe zilikaa na chaji siku nyingi, ziliangushwa zikaamka, na mara nyingi zilikuwa za nyumba nzima. Simu ilikaa kwa meza ama kwa kibeti cha mathe, na rafiki yako akipiga, aliyeshika alijua ni nani.

Breki ya rika hili ilikuwa kredo. Ulikwaruza kadi, ukahesabu, ukaandika mesej ukibana herufi ndio isigeuke mbili. Wasiokuwa na kitu waliflash: flash moja nimefika, mbili nipigie. Kukosa jibu hakukuumiza sana kwa sababu kulikuwa na maelezo ya heshima: "hana kredo." Hiyo sentensi ndogo ilikuwa imeokoa mioyo mingi.

Halafu Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa, na simu ikaacha kuwa ya kuongea tu. Sasa ilikuwa benki, ilikuwa karo, ilikuwa nauli. Kuanzia hapo hakuna mzazi Mkenya angeweza kusema kwa kumaanisha "tuishi bila simu". Agosti 2010 vita vya bei vikalipuka: Zain, ambayo leo ni Airtel, ilishusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika, mesej shilingi 1, na wengine wakalazimika kufuata. Breki ya kredo ikaanza kulegea.

Na hapa Kakamega tulipata funzo letu mapema kuliko miji mingi. Mnaijua Muliro Gardens, ile bustani iliyo mjini, yenye jina la Masinde Muliro. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 kuna mtu alipiga kisiri picha za wapenzi waliokuwa wamekaa humo, na zikasambaa mtandaoni na kwa simu hadi ng'ambo. Jina la bustani likawa utani wa nchi nzima. Hadi leo ukimwambia mtu wa Nairobi unatoka Kakamega, kuna wenye umri fulani wanatabasamu vibaya.

Mimi naitazama hiyo hadithi tofauti. Watu walikuwa wamekaa katika bustani hiyo miaka yote. Kilichobadilika ni idadi ya macho. Zamani ukiaibika, uliaibika mbele ya watu kumi waliokuwepo, na kumi hao walichoka kuongea baada ya wiki mbili. Sasa aibu ilikuwa na nakala zisizohesabika na haikuwa na tarehe ya kuisha. Wale kwenye picha walikuwa watoto wa watu, wana mama zao. Tulicheka, na hatukujua tunacheka kile ambacho kingekuja kwa kila darasa la sekondari Kenya.

Rika la Ideos

Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti. Mapema mwaka 2011 Safaricom ikaleta Huawei Ideos, simu ya Android ya takriban shilingi 8,000. Ndogo kama sabuni ya kipande, kioo chake kilikuwa kigumu kama kichwa cha fahali wa Khayega, lakini ilikuwa kompyuta. Septemba 30, 2012 CCK ikazima simu feki nchini, na watu wakaenda kutafuta halisi za bei nafuu. Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni moja ya China inayoitwa Transsion, zikashika soko.

Sasa sikiza vizuri, hapa ndipo hadithi inageuka. Wakati sisi tunafurahia bei kushuka, Marekani watu wachache walikuwa wanatoa breki zilizobaki, moja baada ya nyingine.

Mwaka 2006 mbunifu anayeitwa Aza Raskin alitengeneza ukurasa usio na mwisho: unateleza, na unapofika chini, chini inasogea. Yeye mwenyewe baadaye alijuta hadharani. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Taarifa ya saa moja ina "kwaherini". Hii haina.

Februari 2009 Facebook ikaweka kitufe cha laiki. Kabla ya hapo hukujua kama unapendwa, ulihisi tu. Sasa kupendwa kulikuwa na namba, na namba ya mwenzako iko hapo kando ya yako.

Novemba 2014 WhatsApp ikaleta tiki za bluu. Hiyo kwangu ndiyo kubwa kabisa, na watu hawaiongelei. Ilifuta ile sentensi iliyookoa mioyo, "hana kredo". Sasa unajua amesoma. Unajua ni saa ngapi alionekana mara ya mwisho. Kunyamaza kukawa jibu. Kiswahili chetu cha mtaani kikalazimika kuunda neno jipya la maumivu ambayo hayakuwepo: kublutikiwa. Lugha haiundi neno la kitu kisichouma.

Hakuna uchawi hapa. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia B.F. Skinner aliwapa njiwa kitufe cha kudonoa. Waliopata chakula mara moja moja bila mpangilio walidonoa kwa bidii na kwa muda mrefu hata chakula kilipokoma. Wakati mwingine kinakuja, wakati mwingine hakiji, basi jaribu tena. Ukiangalia simu mara ya kumi kwa dakika tano, si kwamba wewe ni mjinga. Ni kwamba kuna mtu alisoma somo la njiwa akalifanya biashara. Msee anayecheza Aviator usiku kucha na msichana anayeangalia kama stetasi yake imeonwa wanadonoa kitufe kimoja.

Rika la karantini

Hili ni rika langu na lako. Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona. Kabla ya hapo, kijana wa bweni alikuwa na breki moja ya lazima: simu haziruhusiwi shuleni, kwa hivyo miezi tisa ya mwaka hakuwa nayo, ama alikuwa nayo kwa kuiba. Ghafla tukawa nyumbani. Waliokuwa Darasa la 4, la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba 12, wengine wetu tulikaa hadi Januari 4, 2021. Walimu wakatuma kazi kwa WhatsApp. Mzazi aliyekuwa anaficha simu sasa alilazimika kuitoa.

Na Julai 2020, katikati ya hiyo karantini, Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo: weka malipo ya kwanza, kisha shilingi 20 kwa siku, simu ya 4G ni yako. Shilingi 20 ni maandazi mawili. Sisemi ilikuwa vibaya. Kuna watoto walisoma kwa sababu yake. Nasema tu kwamba breki ya bei, ambayo ilikuwa imelegea tangu 2010, ilikatika kabisa wakati ambapo tulikuwa wapweke kuliko wakati wowote, na hatukuwa na kwingine pa kwenda.

TikTok ilikuwa inatungoja. Ilikuwa imemeza Musical.ly mwaka 2018, na Aprili 2020 Azziad Nasenya, msichana wa huku huku kwetu Mumias, akacheza densi ya Utawezana ya Femi One na Mejja, video ikalipuka. Kila msichana wa Lurambi akaona inawezekana. Lakini tuliona pia upande wa pili. Ndani ya siku chache maelfu ya watu wazima walikuwa wanamchambua msichana wa miaka 19: sura, mwili, tabia. Alisimama imara na leo ni jina kubwa. Swali langu ni kuhusu yule ambaye video yake ilipata watazamaji 200 na matusi 12, hakuna kampuni ya kumlipa, na kesho yake anakutana na hao hao kwa bomba la maji.

Mwaka 2023 taasisi ya Reuters ilipouliza watu mtandaoni katika nchi kadhaa za dunia, Kenya ndiyo ilikuwa juu kwa TikTok: asilimia 54 walisema wanaitumia. Agosti mwaka huo Spika Moses Wetang'ula alisoma bungeni ombi la raia mmoja aliyetaka TikTok ipigwe marufuku nchini. Haikupigwa.

Sasa ni simu, ama si simu?

Hapa lazima tuwe waaminifu, juu historia ina tabia ya kuharibu maneno ya mkato.

Mwaka 2021 shule zilipochomeka nyingi, kuna watu wazima walisema ni simu na mitandao. Lakini mwaka 2001, wakati mwanafunzi Mkenya mwenye simu alikuwa kama hadithi, wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni la Kyanguli, Machakos. Hasira ya vijana, bweni lililojaa, watu wazima wasiosikiza: hivyo vyote vilikuwepo kabla ya Ideos. Ukilaumu simu kwa kila kitu unapata bahati ya kutojiuliza kitu kingine chochote.

Wasomi wenyewe hawajakubaliana. Jonathan Haidt wa Marekani alitoa kitabu mwaka 2024 akisema utoto ulibadilishwa vibaya na simu kati ya 2010 na 2015. Lakini mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 na kupata kwamba uhusiano kati ya skrini na kutokuwa na furaha, kwa wastani, ni mdogo sana, karibu sawa na ule wa kula viazi. Viazi, wasee!

Mimi nasoma hivi: wastani unaficha watu. Kwa mwenye familia inayomsikiza na usingizi wa kutosha, simu ni viazi. Kwa ambaye tayari anaumia, simu ni chumvi kwa kidonda. Hata Facebook walijua. Karatasi zao za ndani zilizotolewa na Frances Haugen mwaka 2021 zilionyesha kwamba kati ya wasichana waliokuwa tayari wanajisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwaongezea. Na huku kwetu, ripoti ya kitaifa ya mwaka 2022 iliyoongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi ilipata kwamba karibu asilimia 44 ya vijana wa miaka 10 hadi 17 walikuwa wamepitia tatizo la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja, na karibu asilimia 12 walifikia kiwango cha ugonjwa kamili. Hizo namba zilikusanywa wakati wa korona, na hazisemi ni simu iliyosababisha. Zinasema kitu kizito zaidi: karibu nusu yetu tuna kidonda, na kila mmoja ameshika chumvi mkononi.

Kama unadhani vitu vya skrini haviwezi kuumiza kichwa, uliza wale waliokuwa wanachuja machapisho ya Facebook hapo Nairobi kupitia kampuni ya Sama. Ripoti za daktari zilizowasilishwa mahakamani mwaka 2024 zilionyesha zaidi ya 140 kati yao wana ugonjwa wa kiwewe. Hao ni watu wazima, na hiyo ilikuwa kazi yao.

Na kitu kimoja sayansi haibishanii sana ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Ukilala saa nane na kuamka kumi na moja na nusu, hiyo hasira ya asubuhi kwa mathe, huo uzito kifuani, kulia bila sababu, mengi yake si mapepo wala utoto mbaya. Ni deni la usingizi. Kibanda kilikuwa kinakulazimisha kulala. Kampuni za simu, kinyume chake, zimetuuzia bando za usiku kwa bei ya kutupa.

Lakini pia nakumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulisomwa, ukatafsiriwa na kuelezwa na vijana kwa hizi hizi simu, watu wakaamka kutoka Kakamega hadi Mombasa, na Juni 26 Rais akasema hatautia sahihi. Wengine wetu hawakurudi nyumbani, na hatuwasahau. Kwa mara ya kwanza wazazi waliona kwamba kumbe huko ndani hatukuwa tunacheza tu. Mtu akiniambia dawa ni kupokonya vijana simu, namuuliza: na hiyo sauti utairudisha na nini?

Jando letu

Kwa hivyo mimi sisemi simu ni mbaya. Nasema hivi: breki zote tulizokuwa nazo zilikuwa za bahati. Umbali, foleni, sarafu, kredo, bei, shule. Hakuna mtu aliziweka ili kutulinda, na zilipoondoka hakuna mtu aliona, kwa sababu kila moja iliondoka ikiwa imevaa nguo za maendeleo. Sasa zimeisha. Kuanzia hapa, breki yoyote tutakayokuwa nayo ni ile tutaiweka wenyewe kwa makusudi.

Nchi zingine zimechagua sheria. Australia ilipitisha yake Novemba 2024, kwamba walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti za mitandao ya kijamii. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka mzazi akubali kabla data ya mtoto kutumiwa. Iko kwa karatasi. Ni lini mara ya mwisho umeona programu ikimuuliza mzazi wako kitu?

Mimi naamini zaidi kitu kinachofanana na jando: watu walioipita njia wakikaa na wanaoingia. Na walioipita ni sisi, wa miaka 20 na kitu, si wazee. Hii si ndoto. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, inatumia vijana waliomaliza shule juzi tu kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi wa sekondari, wiki nne. Utafiti wao wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha dalili za huzuni na wasiwasi zikipungua. Hawakuhitaji hospitali kubwa. Walihitaji mtu wa miaka 20 anayejua kusikiza mtu wa miaka 16.

Kwa hivyo kama una ndugu mdogo anayepata simu yake ya kwanza Desemba hii, usimwachie "utajijua". Mkalishe chini siku moja nzima. Mwambie ukurasa hauna mwisho kwa sababu ulitengenezwa usiwe nao, kwa hivyo mwisho auweke yeye. Mwonyeshe mahali pa kuzima tiki za bluu na zile arifa. Mwambie kuhusu Muliro Gardens, na kwamba picha haizeeki. Mwambie akitukanwa aje kwako kabla hajajibu. Na mkubaliane kwamba usiku simu zote zinalala sebuleni, zote, pamoja na ya mathe na ya buda, juu sheria inayomshika mtoto peke yake ni adhabu tu.

Mimi nakula kwa kazi hii. Kila dakika unakaa hapa inanisaidia, na ningependa ubaki. Lakini kama unasoma hii ni saa saba usiku na kesho una shule, fanya kile kibanda kilikuwa kinafanyia wazazi wetu bila wao kujua. Kata simu, ulale. Nitakuwa hapa kesho.